Mahmud al-Kashgari: Mwanachuoni Aliyeifanyia Sarfu Lugha ya Kituruki

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wanafunzi, na wazazi wetu wa Kilosa na Mikumi, kila mwaka katika jarida letu hili huwa tunaeleza maisha ya mmoja katika wanavyuoni waliotutangulia. Mara nyingi tumewaeleza Maimamu wa fiqhi na wapokezi wa Hadithi. Safari hii tumemchagua mtu wa lugha, naye ni Sheikh Mahmud bin Husayn bin Muhammad al-Kashgari, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tumemchagua kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza mnaijua. Sababu ya pili ni kosa letu sisi walimu wenu, na tutalieleza mahali pake.

Tuanze na ile mnayoijua. Hapa Kilosa, tangu ilipoanza kazi ya kujenga reli ya kisasa kutoka Morogoro kwenda Makutupora, Waturuki wamekuwa si wageni tena. Kampuni yao ya Yapı Merkezi ndiyo iliyojenga kipande hicho na kutoboa mahandaki katika milima yetu, na vijana wetu wengi walifanya kazi humo. Mwaka 2024 treni zikaanza kubeba abiria, mwezi wa Juni hadi Morogoro na mwezi wa Julai hadi Dodoma, zikipita hapa kwetu. Kazi ya ujenzi ilipokwisha vijana walirudi majumbani na maneno ya Kituruki mdomoni: gel, yaani njoo, na git, yaani nenda, na tamam, ambalo asili yake ni tamaam ya Kiarabu tunayoijua sote. Wadogo zao wakayaleta madrasa. Ikawa kila siku tunaulizwa: ustaadhi, Kituruki ni Kiarabu? Mbona wanasema kitap kama kitabu, saat kama saa, haber kama habari, dünya kama dunia, sabun kama sabuni, na hata dakika yao ni dakika hiyo hiyo?

Jawabu ni kwamba Kituruki si Kiarabu, kama Kiswahili kilivyokuwa si Kiarabu. Lugha hizo mbili zimekopa maneno kutoka lugha ya Qur-ani kwa ajili ya Uislamu, elimu na biashara. Ama mifupa yake ni yake yenyewe. Na mtu wa kwanza kuitazama mifupa ya Kituruki kwa jicho la elimu, akaiandika kwa utaratibu, ni huyu Sheikh wetu wa leo.

NASABA YAKE NA SAFARI ZAKE

Mji wa Kashgar upo mashariki ya mbali, katika nchi ambayo leo imo ndani ya China, kwenye njia ya misafara ya zamani ya hariri. Katika karne ya nne Hijria watawala wa Kituruki wa upande huo, wanaojulikana kwa jina la Karakhani, waliingia katika Uislamu, na watu wao wakawafuata. Mahmud alitokana na ukoo huo wa watawala. Baba yake, Husayn, anahusishwa na mji wa Barsghan, karibu na ziwa kubwa la Issyk-Kul, ambalo leo limo katika nchi ya Kirgizstan.

Kwa hiyo alizaliwa katika nyumba ya heshima. Angeweza kukaa barazani akahudumiwa. Badala yake alipita katika miji ya Waturuki na mbuga zao, kabila baada ya kabila, akasikiliza vipi watu wanasema. Aliwasikiliza Waoghuz, Wachigil, Wayaghma, Wakirgizi na wengineo. Wengi wa watu hao walikuwa wachungaji wa farasi na kondoo wanaohama na mahema yao. Alichukua kwao majina ya vyakula na ya mavazi, majina ya maradhi na dawa, methali wanazozitumia wazee, mashairi ya vita na ya maombolezo, hata michezo ya watoto.

Tunataka mlitie akilini jambo hili. Wakati ule Kiarabu ndicho kilichokuwa lugha ya elimu, na Kifarsi kilikuwa lugha ya makarani na washairi. Kituruki kilionekana ni lugha ya askari na wachunga wanyama. Nguvu ilikuwa mikononi mwa Waturuki, kwani Sultani wa Kiseljuki, Tughril Beg, aliingia Baghdad mwaka 1055, na mwaka 1071 Waseljuki wakawashinda Warumi wa Mashariki huko Malazgirt. Lakini Waseljuki hao hao walioshika dola, mambo yao ya ofisini waliyaandika kwa Kifarsi. Lugha ya mama zao haikuwa na kitabu cha kuisomesha.

Mahmud alikwenda Baghdad, mji wa Makhalifa. Mwaka 1072 akaanza kuandika kitabu chake, na mwaka 1077 akakikamilisha. Alikiita Diwan Lughat al-Turk, yaani Diwani ya Lugha za Waturuki, na akakitoa zawadi kwa Khalifa wa Bani Abbas, al-Muqtadi. Amekiandika kwa Kiarabu, kwa sababu alitaka Waarabu na wasomi wote wa Kiislamu waweze kujifunza Kituruki. Ndani yake mna maneno karibu elfu nane, na ramani ya dunia ya mviringo iliyotiwa rangi, ambayo katikati yake ameuweka mji wa Balasaghun, katika nchi ya Waturuki. Sisi tulipoiona picha ya ramani hiyo tulitabasamu. Kila mtu huiona dunia kutoka mlangoni kwake.

KAZI ALIYOIFANYA

Sasa hapa ndipo mwanafunzi wa sarfu atakapofurahi. Mahmud alikuwa ameisoma sarfu ya Kiarabu vilivyo, na akakipanga kitabu chake kwa mizani yake. Amekigawa vitabu vinane: cha maneno yenye hamza, cha maneno salim, cha mudhaaf, cha mithaal, na vinginevyo, na katika kila kimoja majina yametangulia na vitendo vikafuata. Kila kitendo amekieleza kwa kukiweka katika madhi, kisha mudhaari, kisha masdar, kama mnavyoimba nyinyi darasani kila asubuhi. Kwa mfano: bardı, alikwenda; barır, anakwenda; barmak, kwenda.

Hata hivyo hakukilazimisha Kituruki kiwe Kiarabu. Katika Kiarabu mzizi una herufi tatu, na maana hubadilika kwa kubadilisha harakati ndani ya mzizi: kataba, kaatib, maktuub. Katika Kituruki mzizi hauguswi. Unabaki ulivyo, na maana zinaungwa mkiani, kipande baada ya kipande, kama mabehewa yanavyofungwa nyuma ya kichwa cha treni. Mahmud aliliona hilo, akavieleza vile vipande kimoja kimoja: hiki kikiongezwa kitendo kinakuwa cha kumfanyisha mwingine, hiki kikiongezwa kinakuwa cha kutendeana, na hiki kinakuwa cha kutendwa.

Tuchukue mfano kutoka Kituruki cha leo, kinachosemwa Istanbul. Yaz ni andika. Yazış ni andikiana. Yazıl ni andikwa. Yazdır ni andikisha. Ukiunga viwili pamoja, yazdırıl, unapata andikishwa. Yatazameni vizuri maneno haya mawili, yaz-dır-ıl na andik-ish-w-a. Mzizi uko mbele, kisha kufanyisha, kisha kutendwa, kwa mpango ule ule. Nchi ya Mahmud na mwambao wetu ni mbali mno, na lugha hizi mbili si ndugu wa damu, lakini fundi amezifunga fundo moja.

Na hapa tulieleze lile kosa letu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa darasa la sarfu alituuliza, kwa nini tunafanya tasrifu ya Kiarabu tu na hatufanyi ya Kiswahili. Tulimjibu haraka haraka kwamba Kiswahili hakina sarfu, mtu anakijua tu kwa kuzaliwa nacho. Darasa likacheka, naye akakaa kimya. Hatukumjibu kwa elimu. Tulimjibu kwa mazoea, tena kwa dharau kidogo juu ya lugha yetu wenyewe. Tuliposoma habari za al-Kashgari tuliona haya, kwani yeye aliambiwa jambo hilo hilo na dunia nzima juu ya Kituruki, na hakulikubali. Alisema katika maana yake kwamba anataka ionekane Kituruki na Kiarabu vinakwenda bega kwa bega kama farasi wawili katika mashindano. Mwanafunzi yule tumekwisha kumwomba radhi mbele ya wenzake.

Tuendelee. Ipo tofauti kubwa baina ya Kituruki na Kiswahili, nayo ni mahali anapokaa mtendaji. Sisi tunamweka mbele: ni-li-kuja. Mturuki anamweka nyuma kabisa: gel-di-m, yaani kuja, kisha wakati uliopita, kisha mimi. Sikuja ni gel-me-di-m, kukanusha kumeingia katikati. Ukisoma neno la Kiswahili kutoka mwisho kurudi mwanzo umekaribia kulipata la Kituruki.

Katika majina ni hivyo hivyo. Ev ni nyumba, evler ni nyumba nyingi, evlerimiz ni nyumba zetu, evlerimizde ni katika nyumba zetu. Hiyo de ya mwisho ni kama ni yetu tunayosema nyumbani, sokoni, msikitini. Lakini Mturuki hapa ametuzidi kwa ubainifu. Sisi tunasema yupo msikitini, anatoka msikitini, anakwenda msikitini, na ni ni ile ile moja, kitendo ndicho kinachotufahamisha. Yeye msikiti anauita cami (hiyo c yao husomwa kama j yetu), na anasema camide akiwa yumo, camiden akiwa anatoka, camiye akiwa anakwenda. Mwanafunzi wa nahau atakumbuka herufi za jarr: fii, min, ilaa. Mwarabu anaziweka mbele ya jina, Mturuki anaziunga nyuma.

Mtu atauliza, mbona ni evler lakini kitabu kikizidi wanasema kitaplar, kwa nini si kitapler? Hiyo ni kanuni ya irabu kufuatana: irabu nyembamba zinakwenda na nyembamba, na nene zinakwenda na nene. Mahmud aliligusa jambo hili katika masdar, akaeleza kwamba maneno mazito, au yenye qaf na ghayn, huishia kwa mak ya qaf, na mepesi, au yenye kaf, huishia kwa mek ya kaf. Wanafunzi wa tajwidi wanaojua tafkhim na tarqiq watalielewa hili upesi kuliko wengine. Na msidhani ni mambo ya kigeni. Kwa nini tunasema pikia na fungia na patia, lakini tunasema somea na chekea? Kwa nini pikisha lakini somesha? Kila mtoto wa Kilosa anaifuata kanuni hiyo tangu ana miaka mitatu, na hakuna aliyemfundisha.

MPANGO WA MANENO

Vijana waliofanya kazi relini walijua maneno mengi ya Kituruki, lakini wametusimulia kwamba walipoyaunga Waturuki walicheka. Sababu ni mpango wa maneno katika jumla. Tazama jumla hii moja katika lugha tatu:

Kiarabu: Qara-a Aliyyun kitaaban.
Kiswahili: Ali alisoma kitabu.
Kituruki: Ali kitap okudu.

Mwarabu anapenda kuanza na kitendo, sisi tunakiweka kati, Mturuki anakiacha hadi mwisho. Kwa hiyo anayemsikiliza Mturuki inambidi asubiri jumla iishe ndipo ajue limetendeka nini. Sifa nayo inatangulia chenye kusifiwa: güzel ev, nyumba nzuri, ni kama kusema nzuri nyumba. Mwenye kumiliki naye anatangulia: Ali'nin evi, nyumba ya Ali, ni kama kusema Ali wake, nyumba yake. Ukiishika kanuni moja, kwamba lenye kueleza linatangulia na lenye kuelezwa linafuata, umeishika karibu jumla yote ya Kituruki.

Kuna jambo dogo moja tulilipenda. Mturuki akisema kitap okudum, amesema nilisoma kitabu, chochote kile. Akisema kitabı okudum, ni kile kitabu tunachokijua mimi na wewe. Mwarabu anatumia alif na lam, al-kitaab. Sisi tunatia ki ndani ya kitendo: nilikisoma kitabu. Kila mmoja amepata njia yake.

Mahmud hakusahau tofauti za makabila. Alieleza kwamba wapo wanaosema men kwa maana ya mimi, na Waoghuz na jirani zao wakasema ben. Waturuki wa Uturuki asili yao ni Waoghuz, na ndiyo maana waliokuwa hapa Kilosa mliwasikia wakisema ben, miaka karibu elfu moja tangu jambo hilo liandikwe.  Sisi katika wilaya hii tuna Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na wengineo, na tunao wazazi wanaowakataza watoto kusema lugha ya bibi mbele ya wageni. Tunawaomba wasome ukurasa huu mara mbili.

Vile vile alieleza kwamba herufi za Kiarabu hazikutosheleza sauti zote za Kituruki, kama p na ch na g, na kwamba Kituruki nacho hakina sauti kama Swad, Dhwad na Ain. Wazee wetu walikutana na taabu hiyo hiyo walipokuwa wakiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waturuki waliendelea na herufi za Kiarabu hadi mwaka 1928, ambapo serikali yao ilizibadilisha kwa za Kilatini.

UAMINIFU WAKE KATIKA MAPOKEZI

Jambo hili ni la walimu na wanafunzi wa Hadithi. Mwanzoni mwa kitabu chake Mahmud ametaja kwamba alisikia kwa Imamu mmoja wa Bukhara na mwingine wa Nishapur Hadithi inayohimiza kujifunza Kituruki. Hadithi hiyo haimo katika Sahihi mbili, na sisi hatutaitaja matini yake hapa. Lakini tazameni alivyofanya. Ilikuwa ni faida kwake kuisisitiza, maana kitabu kizima kingepata nguvu. Hakufanya hivyo. Ameeleza kwamba dhima iko kwa hao waliomsimulia. Ikiwa ni sahihi basi kujifunza lugha hiyo ni wajibu, na ikiwa si sahihi akili yenyewe inataka mtu ajifunze lugha ya watu anaoishi nao. Wangapi leo wanatuma Hadithi kwenye simu bila ya kusema wameitoa wapi?

KITABU KILICHOPOTEA NA KUPATIKANA

Nakala ya mkono wake mwenyewe haipo. Mwaka 1266, takriban miaka mia mbili baadaye, mnakili mmoja aliiandika upya huko Damascus kutoka katika nakala ya mwandishi. Hiyo ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani, yenye karatasi 319. Wanavyuoni wachache wa baadaye waliitaja, kisha ikapotea machoni mwa watu.

Katika miaka ya 1910, mwanamke mmoja wa Istanbul alipeleka kitabu cha zamani kwa muuza vitabu aitwaye Burhan ili kiuzwe kwa lira 30. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa elimu walioonyeshwa waliona bei ni kubwa. Akatokea mzee mmoja mpenda vitabu, Ali Emiri, mtumishi wa serikali aliyestaafu. Alipokifungua akajua ni nini, lakini mfukoni alikuwa na nusu tu ya fedha. Akaogopa kwamba akiondoka atakuja mwingine akinunue. Basi akamfungia muuza vitabu dukani mwake, akatoka mbio njiani kutafuta wa kumkopesha, mpaka alipokutana na rafiki yake akamwazima. Kisha hakumruhusu mtu kukigusa ila mwanachuoni mmoja, Kilisli Rifat, aliyezipanga kurasa zilizochanganyika na kukisahihisha. Kati ya mwaka 1915 na 1917 kikapigwa chapa, juzuu tatu. Baada ya hapo kikafasiriwa kwa Kituruki cha sasa na kwa lugha nyingine nyingi. Ali Emiri aliutoa umma maktaba yake yote, na nakala ile hadi leo imo katika Maktaba ya Millet, mtaa wa Fatih, Istanbul. Mwaka 2008 UNESCO iliadhimisha miaka 1000 tangu kuzaliwa kwa Mahmud. Kaburi linalozuriwa kwa jina lake lipo Opal, karibu na Kashgar.

Ndani ya Diwani yake Mahmud ametaja kwamba alikwisha kutunga kitabu kingine, cha nahau tupu ya Kituruki, alichokiita Jawahir al-Nahw fi Lughat al-Turk, yaani Johari za Nahau katika Lugha za Waturuki. Hicho ndicho kilichokuwa na maelezo kamili ya yale tuliyoyagusa hapa juu juu. Kimetafutwa katika maktaba za mashariki na magharibi, na hakijaonekana.

Wabillahi tawfiq.